Lita Sita za Pikapu Mpya

"Onyesha mikono," mlinzi alisema.

Kaluba akateremsha kioo cha pikapu, akatoa mikono nje. Mlinzi akainusa kiganja kwa kiganja akitafuta harufu ya dizeli, kama alivyoagizwa kila asubuhi tangu shirika la mbegu lilipoleta gari la otomatiki hapo Kasama.

Kwa miaka tisa Kaluba aliendesha pikapu ya gia za mkono. Safari ya kupeleka mbegu Mungwi na vijiji vya mbele, kwenda na kurudi, ilikula lita kumi na tano. Hii mpya ilikula ishirini na moja. Ofisini hawakuuliza gari lina nini. Waliuliza Kaluba anamuuzia nani.

Siku hiyo Chisala, ofisa wa usafiri, alipanda mwenyewe. Kwenye sheli alisimamia tangi mpaka likajaa pomoni, akalifunga, ufunguo akautia mfukoni.

"Leo tutajua, Ba Kaluba," alisema, kwa lile "Ba" la heshima.

"Tutajua, bosi."

Barabara ya vumbi ilikuwa imeharibiwa na mvua. Kila kilima gari liling'ang'ania gia ndogo na kunguruma.

"Ile ya zamani hapa ningeshaipa gia ya tatu, ikatulia," Kaluba alisema. "Hii inajiamulia yenyewe."

"Punguza mafuta."

"Nikipunguza, na mzigo huu, tunarudi kinyumenyume."

Kaluba aliposhuka kukojoa, Chisala naye alishuka. Walipokula ubwali, ugali wa huko, na dagaa waitwao kapenta kwa mama mmoja kando ya njia, Chisala alikaa akilielekea tangi.

Jioni walijaza tena kwenye pampu ileile. Lita ishirini na moja.

Chisala akamgeukia binti wa sheli. "Pampu yenu haidanganyi?"

"Mbona asubuhi uliiamini?" Binti akachukua dumu la lita tano, akalijaza mbele yake mpaka pampu ikasoma tano. Mafuta yalifika kwenye alama bila kupungua.

Ndani ya gari Chisala akasema kwa sauti ya chini, "Ripoti ya kununua gari hili niliisaini mimi. Tuliandika linakunywa kidogo kuliko la zamani. Wewe andika kumi na tano. Hizo sita nitalipa mwenyewe."

"Za leo. Na za kesho?"

"Kesho tutaona."

"Kesho mtaona mwizi ni mimi."

Kaluba akafungua kitabu cha safari, akaandika ishirini na moja kwa wino. Penye abiria akaandika jina la Chisala, akamkabidhi kalamu. Kurasa zilikuwa na namba. Hakuna wa kuchana. Chisala alisaini kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea.

Jumatatu Kaluba alihamishiwa ghalani kubeba magunia. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Pikapu akapewa Sunkutu, dereva aliyetoka Mbala.

Ijumaa Sunkutu alimfuata ghalani. "Wananiita mwizi, Ba Kaluba. Niambie basi, wewe ulikuwa unawauzia akina nani?"

Kaluba akalitua gunia. "Hata wewe?"

"Nauliza tu."

"Fungua kitabu cha safari, ukurasa wa arobaini na mbili. Utaona siku ile nilikuwa na nani garini."

Sunkutu akamtazama kama anayepima uongo.

"Kitabu nilichopewa ni kipya," alisema. "Kinaanzia ukurasa wa kwanza."