Kigoda cha Ufunguo

Jina la vigoda alilitoa mama. Siku ya kwanza nilipomwonyesha kile kibao cha kuweka chini ya kikombe ili meza isipate alama, alikigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Makubwa! Kumbe siku hizi na vikombe vinachoka kusimama, mpaka vitafutiwe vigoda?" Tangu hapo vikawa vigoda, hata wateja wangu wanaviita hivyo.

Kazi naifanyia chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kaka. Resini, gundi ninayomiminia vigoda, inakuja kwenye chupa mbili, moja resini yenyewe, nzito lakini angavu kama maji, nyingine dawa ya kuigandisha. Unapima, unakoroga polepole isiingie mapovu, unamimina kidogo kwenye kalibu ya mpira. Unaweka unachotaka kukihifadhi, labda ua kavu, kifungo, gamba la konokono, kisha unamimina tena juu yake. Kesho yake imekuwa ngumu kama kioo na kilichomo hakitoki. Lakini ukikosea kupima dawa, imekula kwako, itanata hivyohivyo mpaka uitupe. Mkorogaji wangu ni mama. Mimi sina subira, nakoroga kama nagombana na mtu.

Kilichokuwa kinatugombanisha ni mlango. Kaka alikwenda mbali kutafuta kazi, akapiga simu miezi ya mwanzo, halafu kimya cha miaka. Ufunguo wake mama aliuweka nje, nyuma ya boksi la mita ya umeme, palepale kaka alipokuwa anauficha tangu yuko shule. Na komeo la ndani likapigwa marufuku. "Akija nimelala ataingiaje?" Nikimwambia wezi nao wanaingia milangoni, ananijibu, "Waje waibe nini? Hivyo vigoda vyako?"

Mdomo wangu hauna breki. Nilishamwambia mpaka nikachoka, mama, huyo mtu katusahau, nawe msahau ule ulale. Ananikata jicho, anatoka nje kupapasa nyuma ya mita kuona kama ufunguo upo. Mvua ikinyesha, ikikatika tu anakwenda kuupangusa, anaurudisha.

Juzi akapita fundi wa friji aliyesoma na kaka. Maskini, alidhani analeta furaha. Aliitwa kutengeneza friji kwenye nyumba moja huko mbali, aliyemfungulia mlango ni kaka. Mzima, kanenepa, ana mke, ana watoto, na nyumba ni yake. Namba ya simu alikuwa nayo kwa ajili ya kazi ile, akamwandikia mama kwenye kiganja cha mkono kwa sababu karatasi haikuonekana haraka.

Mama alijifuta uso, akakaa vizuri kwenye kiti, akapiga. Akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Haloo?"

Alikuwa yeye. Ile sauti ya puani hata ukinifunika macho na masikio nitaijua.

"Mwanangu, ni mimi. Mama yako."

Nyuma yake mtoto alikuwa anacheka. Kisha kaka akasema, kwa adabu kabisa, "Umekosea namba, bibi."

Akakata.

Niliruka. "Nipe hiyo simu! Nipe nimwoshe huyo mwanaharamu!" Mama akaiweka simu kitini, akaikalia.

"Muache. Kasema nimekosea namba."

"Mama, ni yeye!"

"Kwani sauti ya mwanangu siijui? Ndiyo maana nakwambia muache." Halafu akatazama kile kiganja chenye namba, akasema, "Ameniita bibi." Hakulia. Alikwenda kunawa, akanawa muda mrefu.

Jana asubuhi akanikuta mezani, akaweka ule ufunguo mbele yangu. Ni wa shaba, umefungwa kipande cha kamba ya kiatu cha kaka. Fundo alilifunga kaka mwenyewe, enzi hizo anapoteza kila kitu.

"Nigandishie huu. Nataka kigoda cha kikombe changu."

Nilidhani utani. "Mama, ukiingia humu hautoki."

"Najua hautoki. Nimekukorogea mangapi mimi?"

Sasa niambie, mimi niliyekuwa naimba kila siku amsahau, si nilipaswa kufurahi? Nikaanza kutafuta visingizio kama mtoto asiyetaka kuoga. Kalibu chafu. Resini imebaki kidogo. "Na hiyo kamba ina unyevu," nikasema, "itatoa mapovu, kigoda kitakuwa kibaya."

"Itakatwa." Akachukua mkasi, akaufungua, akaufikisha kwenye fundo. Ukaishia hapo. Akauweka chini. "Basi, iache itoe hayo mapovu yake."

Akaenda jikoni kuchagua kikombe, akipima kitakachoenea. Huku nyuma nikapima resini. Dawa nikaitia kidogo, kidogo sana, kwa makusudi. Nilitaka isigande. Nilitaka siku kaka akirudiwa na akili zake niingize vidole viwili niutoe ufunguo, niupanguse, niurudishe nyuma ya mita. Ndiyo, mimi huyuhuyu.

Mama akarudi, akachukua kijiti, akaanza kukoroga polepole kama kawaida yake. Akasimama. Akakiinua kijiti, akatazama inavyodondoka.

"Umepunja dawa."

"Sijapunja."

"Mwanangu, nakoroga kitu hiki kila siku. Umeipunja."

Hapo nikaangua kilio, kilio cha aibu, kamasi mpaka mdomoni. "Nimepunja, mama. Akirudi je? Ataingiaje?"

Alikuwa na haki ya kunicheka. Maneno yalikuwa yake, nami nimeyabeza miaka yote. Hakunicheka. Alinifuta uso kwa upande wa nguo yake, akasema, "Na mimi ndivyo nilivyokaa muda wote huu. Sigandi, simwagiki. Nimechoka, mama. Nipe chupa."

Akapima dawa mwenyewe. Akakoroga mpaka ikawa safi, akamimina ya kwanza, akausubiri utandu ushike. Akalaza ufunguo katikati, akanyoosha kamba kwa ncha ya kijiti, fundo likae juu lionekane. Kisha akamimina ya pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, akawa anageuza shingo pembeni yasidondokee kwenye kalibu, maana maji yanaharibu.

Leo asubuhi tumekitoa. Kimeganda vizuri, kigumu, safi, isipokuwa kuzunguka ile kamba. Mapovu madogomadogo yalikuwa yanapanda kutoka kwenye fundo yakakwama njiani, kama ya mtu anayepumua ndani ya maji. Mama akakigonga kwa ukucha. Akaweka kikombe chake juu, akanywa chai yote mpaka mwisho.

Jioni nikamsikia anaguna kwenye mlango wa mbele. Nilipokwenda nikamkuta ameinama, mikono yote miwili kwenye komeo, anasukuma. Halikusogea. Limekaa miaka bila kuguswa, limeshikwa na kutu.

"Njoo unisaidie," akasema bila kugeuka. "Limekataa."

Nikaleta mafuta ya kupikia, nikalidondoshea. Bado. Nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake.

"Mama, tuliache mpaka kesho."

"Sukuma."

Tukasukuma wote wawili, likapiga kelele, likaingia.