Rangi ya Kucha Chini ya Kabureta

Wanaume walianza kubisha hodi kabla maua ya kaburi la baba hayajanyauka. Walikuja na vyakula: bakuli la supu, pai ya cheri, soseji za kukaushwa kwa moshi. Walimpa mama pole, wakaketi, wakanywa kahawa, kisha macho yakawaponyoka kuelekea dirishani, kule gerejini.

"Na lile gari la marehemu, Bi Bernadine? Unafikiria kulifanyia nini?"

Mama aliwarudishia mabakuli yao yakiwa yameoshwa, akawafungulia mlango.

Hapa Owosso, na jimbo zima la Michigan kwa jumla, mjane mwenye gari la misuli, gari la kale lenye injini ya mbio, hakosi wachumba. La kwetu lilikuwa Chevelle ya mwaka 1969, kijani iliyokolea, injini kubwa, na ubavuni limebandikwa zile herufi za SS, alama ya toleo maalumu la kiwandani, zinazowafanya wazee wazima washindwe kumaliza sentensi. Baba yangu, Leonard Pruski, alisema aliliagiza mwenyewe kiwandani alipotoka jeshini, na kwamba halijabadilishwa hata nati. Alisema hivyo kila kiangazi, amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya gari, kwenye nyasi za maonyesho, akiwagawia wapita njia soseji. Kwenye uwanja wa waamuzi, ambako magari hukaguliwa na kupewa tuzo, hakulipeleka hata mara moja.

"Waamuzi wana wivu," alisema, nasi tukacheka.

Wendell Tharp hakuja na chakula. Alikuja na chaja ya betri. Alikuwa fundi mstaafu wa kuchonga vyuma, mgane, mtu wa klabu ya magari aliyemfahamu baba kwa miaka mingi. Alisimama mlangoni akamwambia mama kwamba gari likilala sana hufa, na kwamba angeliwasha tu kisha aondoke. Hakuuliza bei. Hakuuliza kama linauzwa. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mwizi mjinga huulizia bei. Mwizi mwerevu hukuuliza kama umekula.

Na alimuuliza mama kama amekula. Kila Jumamosi alimuuliza. Theluji ilipoyeyuka, kicheko cha mama kilikuwa kinasikika gerejini, kicheko ambacho tangu mazishi sikuwa nimekisikia. Mwezi wa Juni akaniita jikoni akaniambia wataoana Oktoba, baada ya maonyesho makubwa ya Septemba.

"Na safari hii gari la baba yako linakwenda kwa waamuzi," alisema. "Nimeshaliandikisha. Nataka jina la Len lisomwe kwenye kipaza sauti kabla sijabadilisha langu."

Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilikuwa tayari nimeshafika gerejini.

Mimi ni karani wa bima. Kazi yangu ni kusoma maelezo ya watu kuhusu ajali zao na kutafuta mahali ambapo maneno hayashikani. Magari ya kale siyajui, lakini wezi wake nimewasoma. Mwizi wa kisasa haibi gari zima. Huchukua kabureta halisi ya mwaka ule, akaweka inayofanana nayo. Kesho alteneta, keshokutwa distributa. Mwenye gari huendelea kung'arisha ganda, na roho imeshauzwa kipande kipande. Kichwani nilimwona mama yangu Oktoba itakapofika, ameachwa na ganda na keki ya harusi.

Kwa hiyo nilinunua chupa ya rangi ya kucha, zambarau ya kupiga kelele. Mama alipokuwa kanisani nikaingia gerejini, nikafungua boneti, nikaweka doa dogo chini ya kabureta, jingine nyuma ya alteneta, jingine kwenye shingo ya distributa, jingine tumboni mwa pampu ya maji. Nikafunga. Nikasubiri.

Haikuchukua muda. Mara ya kwanza kuchungulia, kabureta haikuwa na doa. Nikapitisha kioo changu cha poda chini yake, nikatafuta tena na tochi. Safi kama sahani ya Pasaka. Baada ya hapo ikafuata alteneta. Jumamosi moja nikamkuta Wendell akitoka gerejini amekumbatia kitu kizito kilichofungwa taulo, anakipeleka kwenye pikapu lake.

"Umebeba nini, Mzee Wendell?"

"Takataka."

"Takataka unaivisha taulo?"

"Ina ncha kali."

"Basi nikusaidie."

"Mgongo wako bado mchanga, mwanangu. Usiuharibu kwa takataka." Akafunga mlango wa pikapu na kuufunga kwa ufunguo. Nani hufungia takataka kwa ufunguo?

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anamenya viazi.

"Mama, yule mtu anakuibia."

"Ananiibia nini, uzee?"

"Kabureta. Alteneta. Nimeweka alama, alama hazipo."

Kisu kikasimama. "Umeweka alama kwenye gari la baba yako?"

"Rangi ya kucha tu."

"Colette. Una miaka arobaini na kitu."

"Na wewe una miaka sabini na kitu, na unaibiwa ukicheka."

Nilijua nimevuka mpaka. Mama alimaliza kumenya kiazi chake, akakiosha, akakiweka kwenye sufuria. Hakuwa na haraka.

"Baba yako alikuja kunichukua na lile gari," alisema. "Mama yangu alichungulia dirishani akasema, kijana aliyesubiri gari lake litengenezwe kiwandani tangu nati ya kwanza, atakusubiri na wewe. Kwa gari lile nilimwamini mwanamume mmoja. Sasa nimemwamini wa pili kwa gari lilelile. Ukinithibitishia kwamba ni mwizi, harusi hakuna. Lakini thibitisha kwa mtu anayejua magari, usiniletee habari za kucha."

Nikamtafuta anayejua. Orrin Vandermolen wa Grand Rapids, mkaguzi ambaye watu humwita kabla ya kununua, kwa sababu macho yake hayana rafiki. Tulipomwambia Wendell kwamba mkaguzi anakuja, alirudisha kikombe mezani kabla hajanywa.

"Wa nini mkaguzi? Gari haliuzwi."

"Si la kuuza," nikasema. "Ni kuangalia tu. Au kuna neno?"

"Angalau tusubiri mwezi upite. Sijamaliza."

"Hujamaliza nini, Mzee Wendell?"

Alimtazama mama, akasukuma kahawa yake kando. Siku ile mama hakumuuliza kama atakula.

Orrin alifika Jumamosi asubuhi, mrefu, mkavu, anatafuna kijiti cha susu, ule mzizi mtamu. Mama alikuwa parokiani akikunja pierogi, zile sambusa za Kipolandi, na wenzake. Alisema hataki kusimama pale kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, atarudi saa sita. Wendell alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono katikati ya magoti. Mimi nilisimama mlangoni, na nisiseme uongo, nilisimama pale ili asikimbie.

Orrin aliinama na tochi yake na kioo chenye mpini mrefu. Alipitisha kidole kwenye kabureta, akasoma namba, akaguna.

"Hii ni yenyewe."

"Haiwezekani," nikasema.

"Ni yenyewe. Mwaka wenyewe, mwezi wenyewe. Na alteneta pia. Distributa pia. Vitu hivi watu huvitafuta mpaka wanazeeka. Nani kavipata?"

"Hivyo si vya kwetu," nikasema. "Vya kwetu vilikuwa na alama."

"Alama gani?"

"Rangi ya kucha."

Orrin aliacha kutafuna. "Dada, uliingia kwenye injini ya mwaka sitini na tisa ukaipaka rangi ya kucha?"

"Ili nimkamate huyu."

"Mimi ningekukamata wewe kwanza."

Wendell aliinuka, akaenda kwenye pikapu. Nilimfuata hatua kwa hatua. Alifungua mlango, akavuta sanduku la mbao, akalibeba hadi gerejini akaliweka miguuni pangu. Ndani, kila kimoja kwenye taulo lake, vilikuwa vipande vyote vyenye madoa yangu ya zambarau. Kabureta, alteneta, distributa, pampu ya maji. Hakuna kilichokosekana.

Orrin alivigeuza kimoja kimoja. "Hii ilitoka kwenye lori. Hii kwenye gari la familia, tena la baadaye. Hii sijui hata ilitoka wapi, labda kwenye trekta." Akasimama. Nikaona jicho lake limebadilika. Lilikuwa limeacha kumkagua Wendell, sasa linalikagua gari.

Alipiga magoti kwenye tairi la mbele, akapenyeza mkono nyuma ya madigadi, pale zile herufi za SS zilipobandikwa kwa nje. Alipapasa kwa muda. Kisha akaniambia nami nipenyeze mkono.

"Unasikia nini?"

"Matundu. Yana makali."

"Tundu la kiwandani hupigwa kwa mashine kwa pigo moja, likawa laini. Hayo yametobolewa kwa keke ya mkono." Akaenda mbele ya injini, akafuta grisi kwenye kipande bapa cha chuma, akasoma namba iliyochapwa pale, akaja kusoma ile ya kwenye dashibodi. Alirudia tena. "Namba hazilingani. Injini hii ilizaliwa kwenye gari lingine. Hili lilitoka kiwandani likiwa Chevelle ya kawaida, ya kwendea sokoni. Mtu fulani amelivisha SS, zamani sana, na kwa mikono mizuri."

"Wendell," nikasema.

"Zamani kabla ya Wendell."

Wendell aliongea kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Bwana Orrin, polepole. Dirisha la jikoni liko wazi."

"Mama hayupo," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa na ukali tena. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu maonyesho ya kwanza niliyoegesha kando ya Len. Aliangusha kisu cha soseji chini ya gari, nikainama kumwokotea. Nikayaona matundu."

"Na hukusema."

"Hakuna aliyesema. Wazee wote wa klabu wanajua. Len alikaa kwenye nyasi, hakushindana na mtu, hakumdhulumu mtu tuzo yake. Alitaka tu kusimulia." Alifuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Halafu mama yako akaliandikisha kwa waamuzi. Ningemwambiaje? Nikaanza kutafuta vipande vya kweli, nikidhani nitaziba pengo. Lakini namba ya injini siigusi. Kugonga namba ya uongo ni wizi, na mimi si mwizi. Nilikuwa bado najiuliza nifanyeje, ukaja wewe na mkaguzi wako."

Ningependa kusema nilimwamini papo hapo. Nilijiuliza kwanza mtu anayeweza kuficha hivi kwa wema anaweza kuficha nini kwa ubaya. Kisha nikatazama lile sanduku, kila takataka ya baba imefungwa taulo lake kama mtoto mchanga, nikalisogeza pembeni lisije likakanyagwa.

Gari la mama likaingia uani. Alishuka na unga kwenye mikono ya sweta, akatutazama sote watatu.

"Haya. Ni mwizi au si mwizi?"

"Si mwizi, Mama. Hachukui. Analeta."

Uso ulimlegea, mabega yakashuka. Alianza hata kutabasamu. Kisha akaliona sanduku, akainama, akaokota kabureta ya zamani yenye doa langu, akaigeuza.

"Analeta kwa nini," alisema taratibu, "kama gari lilikuwa kamili?"

Orrin aligeuka kuangalia ukuta, ambao haukuwa na kitu. Na mimi, niliyeileta shaka ndani ya nyumba ile kama mtu anayeingiza paka, niliiona sasa imepanda mapajani mwa mama yangu, na sikuwa na namna ya kuifukuza.

"Wendell," mama alisema. "Len alinidanganya?"

"Len alilitengeneza kwa mikono yake, Bi Bernadine. Wengine walinunua tu."

"Sikukuuliza nani alinunua."

Wendell alimtazama usoni. "Alikudanganya."

Mama alifungua mlango wa dereva akaketi, miguu nje, kabureta mapajani. Orrin akaanza kukusanya tochi na kioo chake.

"Kwa hiyo hakusubiri nati ya kwanza," mama alisema. "Alichokonoa usiku na mchana, ili mama yangu achungulie dirishani." Alicheka kidogo, lakini si kile kicheko cha Jumamosi. "Mshenzi yule."

"Gari tuliondoe kwenye orodha ya waamuzi?" nikauliza.

"Litakaa kwenye nyasi. Na hivi vyake virudi vyote mahali pake, hata hiki cha trekta. Kama ni uongo, uwe uongo wake mwenyewe. Wendell, vyako utavichukua."

"Na harusi?" Wendell aliuliza. Nilimwonea huruma, alikuwa anakitazama kikombe chake kitupu cha kahawa juu ya meza ya kazi.

"Harusi ya kwanza niliolewa na mtu aliyejua kusema. Sasa naona nataka kuolewa na mtu anayejua kunyamaza. Sijui kipi kibaya zaidi." Akanigeukia. "Ile rangi yako ya kucha unayo?"

"Ipo kwenye mkoba."

"Nipe."

Nikampa. Alifungua chupa, akatikisa brashi, akamwita Wendell kwa kidole. Akamshika mkono, akaukagua kucha kwa kucha kama Orrin alivyokagua namba, kisha akapaka ukucha wa dole gumba, zambarau, taratibu, bila kuvuka ukingo. Wendell alisimama amenyoosha mkono mbali na mwili wake, hapumui, kama mtu anayetolewa damu.

"Usifute," mama alimwambia. "Nitaangalia kila Jumamosi. Nisije nikabadilishiwa hata wewe."