Ndoo ya Dawa Langoni

Walimpa jina la utani Mama Ndoo, na yeye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye lango la msitu na kuhakikisha kila anayeingia amechovya viatu kwenye ndoo ya dawa. Vyura wa kisiwa hiki, wadogo kama kidole gumba, walikwisha wote bonde la chini kwa ugonjwa uliokuja na tope la viatu. Duniani kote wamebaki hawa wa bonde la juu tu. Uwe profesa, uwe waziri, bila kuchovya hupiti, na ukileta ubishi unaoshwa wewe kwanza kwa maneno.

Aliyemtia wasiwasi ni mkwewe, mlinzi wa msitu. Wiki hiyo alikuwa akiingia na kopo la plastiki lenye kifuniko, lililotobolewa matundu ubavuni.

"Mkwe, umebeba nini humo?"

"Chakula tu, mama," alijibu, macho chini.

Chakula gani kinahitaji kupumua? Moyo haukumtulia. Kuna watu hununua vyura hai kwa magendo, na binti yake, mke wa huyu huyu kijana, alikuwa amelazwa hospitali mjini na mimba inayosumbua. Shida humtoa mtu haya.

Siku yake ya mapumziko alikuwa akichota maji bonde la chini alipomwona mkwe akipanda kilima na lile kopo. Leo ni leo! Akaacha maji palepale, akakata njia ya panya iliyopita nyuma ya lango.

Alimkuta amechuchumaa kando ya kijito, vyura wakilia kila upande.

"Mwizi we! Fungua!"

Kijana akafungua. Ndani mlikuwa na simu, inarekodi.

"Kopo ni kwa ajili ya mvua, mama. Matundu ni ya sauti. Mwanao anasema huko wodini hapati usingizi bila kuwasikia. Niliogopa utanicheka."

Mama Ndoo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akafungua mdomo amwombe radhi, lakini kijana hakuwa akimtazama usoni.

"Mama, umepitia langoni?"

Tope jeusi la bonde la chini lilikuwa limemfika vifundoni. Chura mmoja alikuwa ameshamrukia kiatu cha kushoto, katulia juu ya tope hilo, koo likimpwita. Mama Ndoo hakuthubutu kuinua mguu.