Mayai ya Siku ya Ishirini

...kumbe hata hilo la pembeni halijacheza, ni maji tu, ni yeye Kalunde aliyeligusa beseni kwa goti, sasa atulie, asiguse tena, mayai kumi na moja yanaelea na kila moja limetoa kisogo nje ya maji, na mama mkwe wake Ndila amechuchumaa upande wa pili, hana haraka, kwa maana siku ya ishirini ndiyo ya kuyapima hivi, kifaranga aliye hai akisikia joto la maji hulitikisa yai lake, aliyekufa hutulia, na haya yametulia, yote, na maji hayana kosa, Ndila aliyapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto...

"Ngoja kidogo," anasema Ndila. "Saa ingine hizi vitu zinalala."

Zilale, sawa, lakini moja iamke, Bwana Yesu, moja tu, itikisike hata mara moja na Kalunde hatakuwa na la kusema kwa mtu, Jumamosi ile itapita kama Jumamosi nyingine, nani aliyemwona, Ndila mwenyewe alishinda shambani, hakuna, au yuko, Nzilani jirani, ndiye aliyesema juzi kisimani kwamba kuku wenu alizunguka nyumba mchana kutwa akilia, na Kalunde akacheka, akasema kuku huyo ana wazimu, mbona alicheka, hakuna aliyemlazimisha kucheka... ni kufuli, kufuli kubwa ya shaba aliyoleta Kisilu mume wake kutoka Mombasa wakati wa Krismasi, na ndani ya nyumba hamna cha kuibwa ila redio isiyo na betri, lakini alipenda kuifunga, alipenda kuusikia ufunguo ukizunguka, na Ndila alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, mlango uache wazi kidogo, kuku ipite, kuku anayelalia hutoka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa, anarudi mbio, na asubuhi ile alikuwa ametoka, na Kalunde hakuinama kuchungulia chini ya kitanda, alikuwa amechelewa, kwaya inakutana Kasikeu na Kasikeu si hapa, na ubeti wa tatu ulikuwa wake peke yake, akafunga, akautia ufunguo kwenye kamba, akauvaa shingoni. Na aliimba vizuri, hilo hawezi kulikana, akina mama walijifuta macho, ufunguo ukimgonga kifuani ndani ya gauni kila akivuta pumzi, na saa ile ile mayai yalikuwa yanapoa chini ya kitanda hapa Mukuyuni, na jua lilikuwa linazama aliporudi akamkuta kuku amejikunyata kizingitini, amechoka hata kulia, akaingiza mkono kwenye chungu cha mayai, baridi, baridi kabisa, akamrudisha kuku juu yake, akaosha mikono, akapika uji, hakusema neno, siku ya kwanza, ya pili, leo ya nne...

"...kutoka Kambu, kwa dada yangu," Ndila anasema, sijui alianzia wapi, "ndani ya debe ya mtama, na hakuna hata moja ilipasuka njiani."

Ndiyo, Kambu, kwa sababu huku jogoo hakubaki hata mmoja, mwaka jana njaa iliwamaliza, waliouza wakauza, waliokula wakala, akabaki kuku huyu mmoja anayelalamika sasa chini ya tenga, na watu walimwambia Ndila mchinje, unamfuga wa nini, naye akawauliza, mkikula hii, mvua ikinyesha mtaanza na gani? Kalunde alimwona kwa macho yake akitafuna mahindi ya manjano ya msaada, magumu yale, anayatafuna hadi yanalainika, kisha hamezi, anayatemea kiganjani na kumpa kuku, naye mwenyewe shingo yake imebaki mishipa... kisha akaja kumkabidhi yeye, Kalunde, kuku na mayai, mbele ya akina mama wa kanisa, akasema huyu si mke wa mwanangu, huyu ni msichana wangu, ukimwachia kitu hakiharibiki, na vifaranga watatu wa kwanza ni wake, na Kalunde alitembea siku nzima akilirudia moyoni, hakiharibiki, hakiharibiki.

"Hii kuku imezeeka," anasema Ndila, na sauti yake haina hasira, imechoka tu. "Imeacha mayai. Kuku ikijifunza kuacha mayai, haitaacha hiyo tabia. Kesho pasta Mbuvi anakuja, wewe weka maji kwa moto mapema, tuchinje."

Kumbe hata moja likitikisika halitamsaidia mtu, yatabaki kumi ya kumhukumu kuku, na ni yeye Kalunde atakayemshika mabawa, atamnyonyoa, atampika, atapakua, na Ndila atakaa pale karibu na pasta amtafune kuku aliyemtafunia, na atasema msichana wangu anajua kupika... na alikuwa anaomba nini muda huu wote, alikuwa anaomba asikamatwe tu, si vifaranga, si kuku, ni lile neno hakiharibiki alilokuwa analilinda, aibu gani hii, anaona aibu hadi masikio yanawaka. Na anashangaa kwamba hayatazami tena mayai. Yatikisike, yasitikisike, atasema. Na aseme sasa, kabla maji hayajapoa, lisije likacheza moja akapata kisingizio.

Maji yametulia. Ndila bado ameinama, anaangalia. Kalunde anaivuta kamba shingoni, anautoa ufunguo na kuuweka chini kando ya beseni.

"Mwaitu, mama," anasema. "Si kuku. Kuku ilikuwa inataka kuingia."