Nyonga ya Fuatino

Mke wangu Fuatino hakufa kwa uzee. Karatasi ya hospitali ndiyo ilisema uzee, na aliyeiandika ni Daktari Eneliko, mkuu wa hospitali yetu hapa kisiwani Savaii, mtu asiyegusa mgonjwa asije akachafua shati.

Fuatino aliteleza kwenye mawe ya dimbwi la kuogea. Nilipomlaza mkekani nikaona mguu wa kulia umekuwa mfupi, unyayo umelalia nje. Shule niliachia darasa la tatu, lakini nimekata nguruwe wa karamu za kijiji miaka arobaini. Nyonga naijua. Ni mfupa mpana, ubavuni una kikombe, na ndani ya kikombe kinakaa kichwa cha fupa la paja, mviringo kama limau. Chini ya kichwa pana shingo. Shingo ikivunjika, mguu unapanda juu na kugeuka nje.

Nikampeleka hospitali, nikamwambia Eneliko nyonga imevunjika. Akacheka mbele ya manesi. "Mzee Peni, we baki na nguruwe wako, watu niachie mimi. Mama kazeeka tu."

Akampa vidonge. Fuatino alilala wiki tano, mgongo ukaoza, akafa.

Miezi miwili baadaye wakubwa walikuja kufungua jengo jipya la hospitali, kijiji kikaandaa karamu. La wagonjwa? Wapi! Ofisi ya Eneliko. Kwetu paja la nguruwe ni la mgeni wa heshima, siku hiyo Eneliko, na mkataji ni mimi. Kabla sijamweka nguruwe kwenye tanuri la mawe, nikapenyeza kishoka, nikamvunja shingo ya fupa la paja la kulia.

Alipoiva nikamlaza chali mbele ya wageni.

"Daktari, hebu nisaidie. Huyu ana nini mguuni?"

Eneliko akainama, kafurahi kuulizwa mbele ya watu. "Mzee, umemwangusha huyu! Mguu mfupi, umegeukia nje. Kavunjika nyonga, hapa shingoni. Hata mtoto anaona."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

"Basi kwa Fuatino wangu uliona nini?"

Watu wakaacha kutafuna. Nikalivuta paja, likaja lenyewe. Kichwa kikabaki ndani ya kikombe. Nikaichomoa ile karatasi kiunoni, nikaiweka juu ya majani, karibu na nyama.

"Andika upya."

Msemaji wa machifu akanirukia. "Peni! Unamtukana mgeni wetu?"

"Nimemuuliza tu, mheshimiwa. Kajibu mwenyewe."

Eneliko alitazama huku na huku, hakupata wa kumtetea. Akatoa kalamu. Akakata neno uzee, akaandika kuvunjika nyonga, akatia sahihi, akanisukumia karatasi.

"Umeridhika?"

"Na wewe ungelala wiki tano uoze mgongo, ndiyo ningeridhika."

Paja sikumpa. Nilimtupia mbwa.

Machifu wamenitoza nguruwe wawili wanono na kuninyang'anya kazi ya kukata. Wakate wenyewe, tuone kama kikombe watakipata.