Mara ya Kwanza Haihesabiwi

Jumatatu saa tatu asubuhi, Lynnet aliandika amri ya neno moja kwenye kompyuta ya ofisi, juu ya duka la magodoro la Ruqia mjini Homa Bay. Amri hiyo iliamsha kipimo alichokiunda mwenyewe, cha kupima kasi ya mfumo wa faili waliouunda kwa zahanati za vijijini. Kiliwasha mashine ya majaribio, kikafungua faili ya mgonjwa mara kumi na moja, kikatupa mara ya kwanza, kikatoa wastani wa zile kumi. Mara ya kwanza mashine huwa baridi na huchelewa. Ndivyo alivyosoma mtandaoni, naye hakuona ubaya.

Kipimo kilipoanza, mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni. Alikaa dakika kumi na tisa, akatoweka. Kioo cha kompyuta kikaandika: sekunde mbili.

Jumanne, kipimo kilipoanza tena, mwanamke yule alirudi. Lynnet akampa chai.

"Unatoka wapi, mama?"

"Osiri. Naitwa Milka. Niko kwa foleni ya zahanati ya huko. Wanasema faili ifunguke kwanza ndio mtoto adungwe sindano."

"Na haifunguki?"

"Ikikaribia, stima inapotea. Wanaanza upya."

Lynnet hakuwa mwepesi wa kulaumu. Alifikiri siku mbili. Stima ikipotea mara nane kwa siku, kila kufungua ni mara ya kwanza. Alichokuwa akikitupa ndicho pekee walichokuwa nacho Osiri. Alhamisi alibadilisha kipimo: mara ya kwanza ihesabiwe na ionyeshwe peke yake, na anayetaka kuitupa aseme mwenyewe.

Clifford, mkubwa wake, alisoma kioo.

"Mara ya kwanza, dakika kumi na tisa? Dada, hii ripoti inaenda kwa wafadhili."

"Anayetaka kuitupa anaongeza neno moja tu kwa amri."

"Nani ataongeza? Watu hawasomi maelekezo. Wanabonyeza tu."

"Ndiyo maana nimebadilisha."

"Ulijifunzia kompyuta kwa intaneti ya kulipia saiba, sasa unatufundisha sisi?" Alivuta kibodi, akarudisha kipimo kilivyokuwa, akakiagiza kijiendeshe chenyewe kila nusu saa. Kisha akageukia benchi. "Milka, songa kidogo, unaziba mlango. Wewe sasa ni staff, bado mshahara tu."

Watu wawili walicheka.

Kuanzia hapo Milka alikuja kila nusu saa. Wafanyakazi walimsalimia, wakaruka miguu yake.

Ijumaa saa nane mchana alikuja na leso iliyokunjwa mapajani. Mtoto hakuwepo.

Lynnet alisimama. "Faili ilifunguka?"

"Ilifunguka tukiwa tumechelewa," Milka alisema. "Sasa stima imepotea tena. Wameniambia ningoje ifunguke, waandike amekufa."

Baada ya dakika kumi na tisa Milka alitoweka, na kioo kikaandika: sekunde mbili. Clifford aliona nafasi kwenye benchi, akaweka katoni ya karatasi. Nakala sitini za ripoti zilihitajika kabla ya saa kumi.